Mgeni njoo, mwenyeji yupi apone?

Julai 2025 Serikali ya Tanzania ilitoa amri ya kuwazuia wasio raia kufanya aina 15 za biashara, zikiwemo ufundi simu, uwakala wa fedha kwa simu, kuongoza watalii na kununua mazao shambani. Tangu hapo, kila ninapokutana na wananchi wa Arusha kuzungumzia uchumi, swali la kwanza ni lile lile: wageni wanatufaa au wanatuumiza? Nami huuliza kwanza, wewe unafanya kazi gani?

Twende Mang'ola, kwenye vitunguu. Mkulima asiye na ghala akishavuna hana muda wa kuringa. Mnunuzi kutoka Kenya akifika shambani na lori na fedha mkononi, mkulima huyo anapata watu wawili wa kushindanisha bei. Anayebanwa ni kijana wetu aliyezoea kununua pale shambani na kumuuzia huyo Mkenya mbele ya safari, maana sasa amerukwa. Mzuie mgeni asifike shambani, kijana anapumua, na mkulima anarudi kwa mnunuzi mmoja anayempangia bei na kumdai lumbesa juu, yaani gunia lililojazwa kupita kipimo. Amri ni moja, na hao wawili wote ni Watanzania, pengine watoto wao wanakaa dawati moja. Sitamdanganya yeyote kati yao kwamba "nchi imenufaika" wakati mfuko wake umetoboka.

Haya tuliyaona kwa ukubwa wa kutisha Ngara, mkoani Kagera. Mwishoni mwa Aprili 1994, kwa muda wa kama saa 24 tu, Wanyarwanda wapatao 250,000 walivuka mpaka wa Rusumo wakikimbia vita na mauaji. Wachumi waliofuatilia kaya za Kagera kwa miaka mingi walikuta kwamba wenye mashamba yao walipata nafuu: vibarua walikuwa wengi, na walaji wa mazao walikuwa mlangoni. Walioumia ni wenyeji waliokuwa wakiishi kwa kulima mashamba ya watu, kwa sababu walijikuta wanagombea kibarua kile kile na mtu mwenye njaa aliyekubali malipo ya chini zaidi. Kuni nazo zikawa za kufuatwa mbali, na mzigo huo ukaangukia vichwa vya akina mama.

Hapa Arusha mgeni wetu mara nyingi ni wa aina nyingine. Mahakama ya Kimataifa ya Rwanda ilifanya kazi mjini hapa kuanzia 1995 hadi 2015, na Jumuiya ya Afrika Mashariki ina makao yake hapa mpaka leo. Mwenye nyumba Njiro anafurahi kumpata mpangaji anayelipa kodi ya mwaka mzima bila kuomba kupunguziwa. Mwalimu anayetafuta vyumba viwili mtaa huo huo anaambiwa na dalali aangalie mbele zaidi, kisha mbele zaidi tena, mpaka nauli ya daladala inakula alichookoa kwenye kodi. Na kuna jambo linalosemwa kidogo mno: kodi ya mapato anayokatwa mgeni aliyeajiriwa rasmi inakwenda Hazina, lakini foleni ya zahanati na mgao wa maji vinabaki mtaani. Mtaa usiporudishiwa kitu, hasira za watu wake zina msingi. Tatizo ni kwamba huishia kwa mgeni, aliyekwisha kulipa, badala ya kwenda kwa anayegawa bajeti.

Faida ninayoijali kuliko zote ni ujuzi, na hiyo huja tu pale mwenyeji anapoushika mwenyewe. Kahawa ilipandwa Kilema, Kilimanjaro, na wamisionari mwishoni mwa karne ya 19. Wachaga wakaijua, wakaipanda vihambani katikati ya migomba, wakaunda chama chao cha wakulima mwaka 1925, na kutoka hapo chama kikuu chao cha ushirika, KNCU, mwaka 1933. Wangebaki vibarua wa mashamba ya walowezi, mche ule ule usingewasomeshea watoto.

Ndiyo maana naisisitiza sana sheria ya mwaka 2015 ya ajira za wasio raia. Kibali cha kazi hutolewa kwa muda usiozidi miezi 24, kinaweza kuongezwa, lakini jumla ya miaka yake ina kikomo. Mwajiri anatakiwa awe na mpango wa kurithisha kazi, yaani Mtanzania anayeandaliwa kuishika nafasi hiyo mgeni akiondoka. Kwa maoni yangu hiki ndicho kifungu chenye thamani kuliko amri zote za kuzuia biashara, na ndicho kinachopuuzwa zaidi. Ukifanya kazi chini ya mtaalamu wa kigeni, uliza: mrithi wake ni nani, na anafundishwa nini?

Dada mmoja, msaidizi wa mpishi katika hoteli moja ya watalii, aliuliza baada ya kikao chetu. Akaonyeshwa karatasi. Jina lililoandikwa pale lilikuwa lake, na lilikuwepo tangu mpishi mkuu alipopata kibali. Miaka minne alikuwa akimenya viazi na kukata vitunguu, michuzi ikitengenezwa na mgeni peke yake. Alinipigia simu jioni ile. Mpishi mkuu alikuwa amebakiza mwaka mmoja wa kibali, na kesho yake asubuhi dada huyo alikuwa anakwenda kudai afundishwe michuzi.