Mtoni na Kidichi: tafadhali tuelewane

Jamani, malalamiko kuhusu wanaotembelea magofu ya kasri la Mtoni na bafu la Kidichi hapa Unguja yamezidi, tunaomba tuelewane.

Wageni wanaambiwa Beit al-Ajaib, lile jumba la Mji Mkongwe, ni nyumba ya Seyyid Said, Sultani wa Omani na Unguja. Si yake. Tushasema mara nyingi. Yeye kafariki 1856 baharini akirudi kutoka Omani, ile kaijenga mwanawe Barghash mwaka 1883, na Salme, binti wa Said, alikuwa ashaondoka Unguja tangu 1866, sasa chumba chake mnachoonyeshana humo ni kipi?

Salme kazaliwa Mtoni, 1844. Na hili la kuwaita kina Salme, Majid na Barghash "watoto wa nje" liishe kabisa. Bibi Azza, mke mkubwa wa Seyyid, hakuacha mtoto, na watoto 36 waliobaki Seyyid alipofariki wote ni wa masuria, yaani watumwa wa kike aliozaa nao, na kwa sheria ya Kiislamu mtoto wa suria baba akishamkubali ni huru na anarithi kama wa ndoa, mama naye hauzwi tena na bwana akifa anakuwa huru. Ndo maana Majid, mamake Mcherkezi, katawala, na 1870 akafuatia Barghash, mamake Mhabeshi. Ila mama hao walinunuliwa, na utajiri wa karafuu umetoka kwenye jasho la watumwa, kwa hiyo wewe unayetembeza wageni usiliruke hilo eti watahuzunika.

Salme alifundishwa kusoma tu, kuandika kajifunza kwa siri, ananakili herufi za Msahafu kwenye mfupa wa bega la ngamia. 1859, binti wa miaka 15, ndiye aliyekuwa anaandika barua za Barghash za kumpindua Majid. Kaka yao huyo huyo!

Sasa utaratibu. Ukiona kigae au sarafu usiokote, usioshe, kipige picha hapo hapo kilipo, mwite mlinzi, mpe jina lako na saa uliyokiona. Ukikutwa nacho mkobani kinazuiliwa kama kielelezo, unaandikishwa maelezo, na unaweza kufikishwa mahakamani, "nimeokota tu" haisaidii.

Kidichi ndo inaniuma zaidi. Bafu lile kajengewa mke wa Seyyid Said, Bibi Shehrazad wa Uajemi, 1850, plasta imechongwa maua na ndege kwa mkono, halafu mtu anaandika jina lake na la mpenzi wake juu yake. Ukikuta maandishi usimwagie maji kufuta, wino unazidi kuingia ndani, tuite sisi.