Je, Kompyuta ya Nyumbani Izimwe Usiku au Iachwe Ikiwaka?

Ni usiku, umemaliza kazi, na mkono bado uko kwenye kipanya. Uizime, au uondoke tu ukalale? Wapo watakaokuambia usiizime, kwa kuwa kila unapoiwasha unaipunguzia umri. Wapo watakaokusihi uizime, kwa kuwa inakula umeme bure na kujichosha. Kila upande una hoja, na hoja zenyewe hazikuzuka hewani. Ila nyingi zinahusu kompyuta ambayo leo huna.

Woga wa kuzima una historia ndefu. Kompyuta za mwanzo hazikuwa na transista, vile vidude vidogo mno vinavyojaa ndani ya chipu za leo. Zilitumia vali, yaani chupa ndogo za kioo zenye uzi unaopashwa moto ndani, mfano wa balbu. ENIAC, iliyojengwa katika Chuo Kikuu cha Pennsylvania na kuonyeshwa hadharani mwaka 1946, ilikuwa na vali karibu 18,000 na ilikula umeme wa kilowati 150 hivi. Mafundi wake waligundua kwamba vali nyingi hazifi zikiwa kazini, bali zinapopashwa moto au zinapopoa. Wakaamua kuiacha iwake usiku na mchana. Kumbuka balbu ya zamani hukatika lini: mara nyingi ni pale pale unapobonyeza swichi. Hata kwa uangalizi wote huo, muda mrefu zaidi ambao ENIAC iliwahi kwenda bila hitilafu ni saa 116, mwaka 1954. Hizo hazifiki siku tano. Waliosema "usizime" walijua wanachokisema.

Vali zikaondoka, diski ikarithi woga ule. Katika diski kuu ya kuzunguka, kichwa cha kusomea huelea juu ya sahani inayotunza mafaili kwa mto mwembamba mno wa hewa, ambao huletwa na mzunguko wenyewe. Sahani ikisimama, hewa ile inatoweka. Katika diski za zamani kichwa kilitua juu ya sahani, na asubuhi kikaburuzwa kidogo kabla ya kupaa tena. Kila kuwasha kulikuwa msuguano, na msuguano una kikomo. Watengenezaji walikuwa wakiandika kikomo hicho, na kwa diski nyingi za kompyuta za mezani kilikuwa mara 50,000 za kuanza na kusimama. Sasa piga hesabu. Ukiwasha na kuzima mara tano kila siku bila kukosa, utazimaliza hizo 50,000 baada ya miaka 27. Baadaye vichwa vikatengenezewa mahali pa kuegeshwa nje ya sahani, visiguse kitu. Halafu ikaja SSD, diski ya chipu tupu, ambayo haina sahani wala kichwa wala chochote kinachozunguka. Kwa SSD, hoja ya kuchakaa kwa kuwashwa imekufa.

Imebaki hoja moja ya kweli, na naiheshimu: joto. Kitu kikipata moto hutanuka, kikipoa hunywea. Chipu na bodi iliyobandikwa havitanuki kwa kiasi sawa, kwa hiyo lehemu inayoviunganisha huvutwa huku na huku kila mara. Mwisho wake inaweza kupata ufa mwembamba usioonekana kwa macho. Lakini usidhani kuiacha ikiwaka kunaiokoa na hilo. Fungua mchezo mzito au anza kuhariri video, prosesa, yaani chipu kuu inayopiga hesabu, itapanda kutoka nyuzi 40 hadi 80 kwa muda mfupi; funga, itashuka. Mpando na mshuko huo hutokea mara nyingi kwa siku bila wewe kugusa kitufe cha kuzima. Kuzima mara moja usiku ni tone dogo katika ndoo hiyo.

Tuje upande wa pili: kuiacha ikiwaka kunagharimu nini?

Kompyuta ya mezani ikiwaka bila kazi yoyote, bila kuhesabu skrini, hula wati kati ya 40 na 80 hivi, na yenye kadi kubwa ya michezo hupita hapo. Tuchukue 60. Tuseme unaitumia saa 8 na kuiacha saa 16 zilizobaki. Hizo ni karibu uniti moja kila siku, au uniti 350 kwa mwaka, za kulinda chumba kitupu. Ukiilaza, yaani kuiweka usingizini badala ya kuizima, kwa wati 2, saa hizo hizo zinakula uniti 12 kwa mwaka mzima. Ukiizima lakini plagi ikabaki kwenye soketi, ni uniti chache tu.

Na ile hadithi kwamba kuwasha kunafyonza umeme mwingi kuliko kuiacha? Ni kweli kuna mfumuko wa umeme pale unapobonyeza kitufe, ila unaisha kabla hujapepesa jicho. Hata tukisema kuamka kunachukua dakika nzima kwa wati 150, huo ni umeme ambao kompyuta ile ile ingeula kwa dakika mbili na nusu za kukaa bure. Ukiondoka kwa zaidi ya hapo, kuzima kumeshajilipa. Na zile picha zinazochezacheza kwenye skrini isipotumika zisikuhadae. Zilibuniwa kuzuia alama za kudumu kwenye skrini za zamani za kioo kinene, na hazipunguzi umeme.

Saa 16 hizo ni za joto pia, na za vumbi. Ndani ya pawa saplai na juu ya bodi kuu kuna kapasita, vile vidude vya mviringo vinavyofanana na mapipa madogo, na nyingi zina majimaji ndani. Mafundi wana kanuni ya makadirio: joto likipanda nyuzi 10, umri wa kapasita ya aina hiyo unapungua kwa nusu. Feni nazo zinavuta hewa muda wote, na hewa inakuja na vilivyomo. Fungua ubavu wa kompyuta isiyozimwa miezi mingi uangalie kipoza joto cha prosesa. Kati ya mapezi yale membamba utakuta vumbi limeshikana kama kipande cha blanketi la kijivu. Chini yake joto halina pa kutokea, basi feni inazunguka kwa kasi zaidi na kuvuta vumbi zaidi.

Yote hayo ni ya vyuma na nyaya. Ninachoona watu hawakifikirii kabisa ni uchovu wa programu, nami nakipa uzito kuliko umeme.

Programu inapofanya kazi huomba nafasi kwenye kumbukumbu ya muda, RAM. Ikimaliza inapaswa kuirudisha. Nyingine hazirudishi zote, kama mtu anayeazima vyombo vya shughuli akarudisha pungufu kila mara. Siku ya kwanza huoni kitu. Baada ya wiki mbili kivinjari chenye vichupo arobaini, yaani kurasa arobaini zilizoachwa wazi, kimekumbatia nafasi yote, kompyuta inahamishia mambo kwenye diski, na kila kubofya kunachukua sekunde kadhaa. Mtu analalamika kwamba mashine imezeeka. Haijazeeka, haijapumzishwa.

Kuna na hesabu za muda. Windows 95 ilikuwa ikihesabu sehemu za elfu moja za sekunde tangu ilipowashwa, na kisanduku cha kutunzia hesabu hiyo hakikuweza kupita 4,294,967,295. Namba hiyo inafikiwa baada ya siku 49.7, na hapo kompyuta iliweza kuganda. Hitilafu hiyo ilikaa muda mrefu bila kujulikana, kwa sababu wachache walifikisha siku hizo bila kuwasha upya. Mwaka 2015 mamlaka ya usafiri wa anga ya Marekani iliagiza ndege za Boeing 787 zizimwe umeme kabisa na kuwashwa tena kabla hazijamaliza siku 248 mfululizo, maana vidhibiti vya jenereta zake vilikuwa na kisanduku cha aina hiyo hiyo.

Tukio baya zaidi lilitokea Dhahran, Saudi Arabia, tarehe 25 Februari 1991, wakati wa Vita vya Ghuba. Mtambo wa Patriot wa kudungua makombora ulikuwa umewaka zaidi ya saa 100 bila kuzimwa. Saa yake ilihesabu sehemu za kumi za sekunde, na moja ya kumi haiandikiki kikamilifu katika tarakimu za sifuri na moja. Kuna chembe inabaki nje. Chembe juu ya chembe, saa 100 zilizalisha kosa la theluthi moja ya sekunde. Kombora la Scud, aina iliyorushwa na Iraki, katika muda huo husafiri zaidi ya nusu kilomita. Mtambo ulitazama mahali pasipo na kombora, na wanajeshi 28 wa Marekani wakauawa kambini. Programu iliyorekebishwa ilifika Dhahran siku iliyofuata. Kuuzima na kuuwasha mtambo kungeirudisha hesabu ile kwenye sifuri.

Kompyuta yako haiongozi makombora, lakini kanuni ni ile ile: programu nyingi hujaribiwa kwa saa na siku, si kwa miezi ya kuwaka mfululizo.

Hapa pana jambo linalowashangaza hata waliotumia kompyuta miaka mingi. Tangu Windows 8, iliyotoka mwaka 2012, kuzima hakumaanishi kuzima kabisa. Ukibofya neno la kuzima, programu zako zinafungwa, lakini moyo wa mfumo, yaani kiini cha Windows yenyewe, unaandikwa kwenye diski kama ulivyo, ili asubuhi usomwe na kompyuta iamke haraka. Faida ni kasi. Hasara ni kwamba uchovu ulioko kwenye moyo ule unaamka nao. Bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, nenda sehemu ya utendaji, tazama maelezo ya prosesa: kuna saa inayoonyesha mfumo umewaka kwa muda gani. Mimi nilipoitazama mara ya kwanza ilisema siku 19, na usiku uliotangulia nilikuwa nimeizima kwa mkono wangu. Ukitaka kuisafisha kweli, bofya kuwasha upya badala ya kuzima, au shikilia Shift wakati unabofya kuzima. Kwenye Mac, kuzima ni kuzima.

Kuwasha upya kunahitajika pia kwa usalama. Mei 2017 kirusi cha WannaCry kilifunga mafaili ya watu katika nchi zaidi ya 150, hospitali za Uingereza zikiwemo. Microsoft, wenye Windows, ilikuwa imetoa kiraka, yaani sasisho la kuziba tundu ambalo kirusi hicho kilipitia, tangu Machi, miezi miwili nyuma. Viraka vingi vya namna hiyo havianzi kufanya kazi mpaka kompyuta iwashwe upya. Kabla ya hapo ni kufuli ulilolinunua ukaliacha kwenye mfuko wake.

Kwa hiyo ninachofanya, na ninachomshauri yeyote anayeniuliza, ni hiki. Nikiondoka kwa chakula au saa moja mbili, nailaza. Ikilala, RAM peke yake inabaki na umeme, na kazi zangu zinanisubiri zilivyo. Umeme ukikatika zinapotea, kwa hiyo nahifadhi kwanza. Ipo na njia ya usingizi mzito, ambayo huandika kila kitu kwenye diski na kukata umeme kabisa. Hiyo haijali umeme ukikatika. Usiku nazima. Na walau mara moja kwa wiki nawasha upya, hata kama haijaniomba.

Kuiacha ikiwaka kuna wakati wake: inashusha faili kubwa, inanakili kumbukumbu za familia kwenye diski ya pili, au wengine nyumbani wanasoma mafaili yaliyomo humo. Seva huwaka miaka mfululizo, ndiyo, lakini ziko kwenye vyumba vya baridi, zina pawa saplai mbili mbili na watu wanaolipwa kuzitazama. Hiyo si sababu ya kompyuta ya chini ya meza kuishi kama seva.

Laptopu ina masharti yake. Betri ya lithiamu haipendi joto, wala haipendi kukaa imejaa asilimia 100 wakati wote, na laptopu inayowaka ikiwa kwenye chaji inapata yote mawili. Laptopu nyingi sasa zina mpangilio wa kusimamisha chaji kwenye asilimia 80, uutafute. Na baadhi ya laptopu mpya hazilali usingizi kamili ukizifunika: huamka zenyewe kutafuta masasisho na barua pepe. Juu ya meza hilo halina neno. Ndani ya begi lililofungwa zipu, feni haina hewa ya kuvuta, na unaweza kuitoa laptopu ikiwa ya moto na betri imekwisha. Kabla ya kuitia begini, izime.

Na radi ikianza kunguruma, kuzima hakutoshi, kwa sababu waya bado umeunganika na ukuta. Chomoa plagi, na waya wa intaneti pia.