Je, wajua kwanini kompyuta haiachi kukuomba uiristati ukishaapdeti?

Wengi tunaona ile meseji ya ristati ni usumbufu tu, unabonyeza baadaye, inatulia, mara imerudi tena na wewe uko katikati ya ripoti. Ila ukweli ni kwamba hiyo apdeti bado haijaingia. Imeshadaunlodiwa ndiyo, bando limeshaliwa, lakini mafaili mapya yamewekwa pembeni yanasubiri.

Kwenye Windows, faili likiwa linatumika na programu kwa kawaida linafungwa, halibadilishwi wala halifutiki, na yapo mafaili yanayotumika tangu unawasha mashine mpaka unaizima, kerneli yenyewe kwa mfano, yaani kiini cha Windows kinachoendesha kila kitu. Huwezi kutandika shuka jipya mtu bado kalala kitandani. Kwahiyo Windows inaandika orodha ya kazi zilizobaki, nyingine inaziweka kwenye rejista, yaani daftari la mipangilio ya Windows, sehemu inaitwa PendingFileRenameOperations, faili hili likachukue nafasi ya lile, halafu ukiristati orodha inasomwa mapema kabla programu zako hazijaamka. Watu wa Linux, mfumo mwingine wa kuendesha kompyuta, watakucheka hapa maana kwao faili linabadilishwa hata likiwa linatumika, ila wasikutambie sana, programu iliyokuwa wazi inaendelea na lile la zamani mpaka uifunge uifungue, na kerneli mpya ikija nao kwa kawaida wanaristati tu.

Sasa utasema mbona mimi naizima kila usiku? Hapa ndio wengi tunapigwa. Tangu Windows 8 kuna kitu kinaitwa Fast Startup, kikiwa kimewashwa, ukizima kawaida kerneli haianzi upya, inahifadhiwa kwenye diski ili kesho mashine iwake haraka, kwahiyo unaweza ukazima na kuwasha wiki nzima kerneli ni ileile. Ristati ndio inaanza moja kweli. Na kufunika laptopu tu ndio kabisa, hiyo imelala.

Halafu kuahirisha kuna gharama yake. Machi 2017 Microsoft walitoa apdeti ya kuziba tundu fulani, Mei mwaka huohuo kirusi cha WannaCry kikapita kwenye tundu lilelile, mpaka hospitali za Uingereza zikaahirisha miadi ya wagonjwa, na mashine zilizopata shida ni zile ambazo apdeti haikuwa imeingia.

Kama kinachokukera ni muda, ingia Settings, Windows Update, tafuta Active hours, unaweza kuweka muda wa mpaka masaa 18 ambao haitajiristati yenyewe. Kumbuka tu kompyuta haijui saa za Kiswahili, saa mbili asubuhi iandike 8 lol. Apdeti kubwa za usalama zinatoka Jumanne ya pili ya kila mwezi, kwahiyo Jumatano jioni ukimaliza kazi ristati mwenyewe kabla hujaombwa.

Na kama umeristati kweli na bado inaomba, usiendelee kubonyeza tu. Fungua Update history uangalie, mara nyingi utakuta apdeti ileile imefeli, inajirudisha nyuma, inadaunlodiwa tena, inaomba tena. Cheki kwanza nafasi kwenye diski C, ikiwa imejaa muvi na video za WhatsApp punguza ndio ujaribu upya.