Hewa Safi na Haki ya Mazingira katika Bay Area ya California: Maswali na Majibu

Ni chombo gani kinachosimamia hewa ya eneo hili?

Mamlaka ya Ubora wa Hewa ya Bay Area iliundwa na bunge la jimbo la California mwaka 1955, nayo ilikuwa ya kwanza nchini Marekani kudhibiti uchafuzi wa hewa wa eneo zima badala ya mji mmoja mmoja. Inahudumia kaunti 9 zinazozunguka Ghuba ya San Francisco, ingawa mbili kati yake ziko chini yake kwa sehemu tu. Kazi yake ni kupima hewa, kutoa vibali kwa viwanda, kuvikagua na kuvitoza faini vinapokiuka kanuni.

Hewa ni ya wote. Haki inaingiaje hapo?

Inaingia kwa sababu wastani wa eneo zima huficha yanayovutwa na watu wa mtaa mmoja. Tazama West Oakland, mtaa wenye historia ndefu ya Wamarekani Weusi, uliobanwa kati ya Bandari ya Oakland na barabara kuu tatu. Malori mazito yamepigwa marufuku kupita barabara ya 580 ndani ya Oakland, kwenye miinuko yenye makazi ya watu wenye uwezo zaidi, kwa hiyo hulazimika kufuata barabara ya 880, inayopita kando ya mitaa ya watu wa kipato cha chini. Moshi wa dizeli haukupungua kwa uamuzi huo. Ulihamishiwa kwa wengine. Mwaka 2017 watafiti walichapisha vipimo vilivyochukuliwa na magari yaliyozungushwa katika mitaa ya Oakland, wakaonyesha kwamba kiwango cha baadhi ya vichafuzi kinaweza kutofautiana hadi mara 8 ndani ya kipande kimoja cha mtaa. Kituo kimoja cha kupimia, hata kiwe bora namna gani, hakiwezi kuiona tofauti hiyo.

Moshi huo unadhuru mwili kwa njia gani?

Hatari kubwa imo katika chembechembe laini ziitwazo PM2.5, ambazo upana wake haufikii hata sehemu moja ya 20 ya unywele wa binadamu. Masizi tunayoyafuta dirishani ni yale tunayoweza kuyaona. Chembe hizi hazionekani, hupita puani na kooni bila kuzuiwa, hufika kwenye vifuko vya hewa ndani ya mapafu, na nyingine huingia katika damu. Huchochea pumu, huongeza hatari ya mshtuko wa moyo na kiharusi, na huwaumiza zaidi watoto, wazee na wajawazito. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza kwamba wastani wa mwaka usizidi mikrogramu 5 kwa kila mita ya ujazo.

Mamlaka imefanya nini?

Sheria ya jimbo ya mwaka 2017, AB 617, iliagiza mamlaka za hewa ziandae mipango pamoja na jamii zilizoathirika zaidi. Mpango wa West Oakland ulipitishwa mwaka 2019, ukiwa umeandaliwa kwa uongozi wa pamoja na kikundi cha wakazi ambacho kilikuwa kimekusanya takwimu za mtaa wake kwa miaka mingi. Kwa maoni yangu hilo ndilo jambo zito kuliko yote, kwa kuwa mkazi anajua ni kona gani malori huegeshwa huku injini zikiunguruma. Mwaka 2021 mamlaka pia ilikaza kanuni za chembechembe zinazotoka katika viwanda vya kusafisha mafuta.

Kwa nini basi isiyazuie malori?

Haina mamlaka hayo. Viwango vya moshi wa magari huwekwa na jimbo na serikali kuu. Yenyewe inaweza kugharimia ubadilishaji wa injini chakavu na kusaidia kusimamia sheria ya jimbo inayokataza, isipokuwa kwa sababu maalumu, lori la dizeli kusimama likiwa limewashwa kwa zaidi ya dakika 5.

Mkazi afanye nini hewa inapochafuka?

Afunge madirisha, atumie kisafisha hewa chenye kichujio cha HEPA, yaani kinachonasa chembe ndogo sana, avae barakoa ya N95 akitoka nje, na mwenye pumu awe na dawa yake karibu. Akiona au akinusa moshi wa kiwandani, alalamike kwa mamlaka mara moja, akitaja mahali na saa, ili mkaguzi afike kabla moshi haujatawanyika.