Ukipiga 114, taja unachokiona

"Moto! Moto huku kwetu, njooni haraka!" Kisha simu inakatika. Kwa sisi tunaopokea simu za zimamoto kwa namba 114 hapa Tanzania hakuna kauli inayouma kama hiyo: mtu ameomba msaada kwa moyo wote, na hakusema yuko wapi.

"Huku kwetu" hakuna dereva anayepajua. "Karibu na msikiti" je? Mbagala ina misikiti mingapi? Anza na mahali kabla ya yote, ili hata chaji ikiisha hilo tuwe nalo: wilaya, kata, mtaa, jina la barabara, namba ya nyumba. Operesheni ya anwani za makazi ilifanyika mwaka 2022, lakini bado mtu anaulizwa namba iliyo mlangoni kwake anabaki kimya. Kama kibao hakipo, taja kitu kinachoonekana usiku kutoka barabarani: kituo cha daladala, mnara wa simu, geti la buluu mkabala na mashine ya kusaga.

Halafu eleza moto wenyewe. "Nyumba inaungua" haimsaidii askari. Sema hivi: "Moshi mweusi unatoka darini, vyumba vya nyuma. Mtungi wa gesi uko jikoni. Mtoto wa miaka minne amelala chumba cha pili, kushoto ukiingia." Hapo askari anavuka kizingiti akijua pa kupinda.

Tunapouliza kama umeme umezimwa kwenye mita, kama gari kubwa linapita uchochoroni, au maji ya kujazia yako wapi, hatukucheleweshi. Wanaolalamika kila mara kwamba gari limekuja bila maji wapige hesabu: lita 5,000, zikitoka lita 500 kwa dakika, zimekwisha ndani ya dakika 10.

Kuhusu sheria: aliyekosea jina la mtaa kwa hofu hana kosa, apige tena asahihishe. Anayetoa taarifa ya uongo kwa makusudi anatenda kosa la jinai, na laini yake imesajiliwa kwa alama za vidole. Namba 114 hailipiwi, ila si ya kujaribia simu wala ya kumpa mtoto achezee.

Usikate simu mpaka uambiwe. Ukimaliza, usirudi ndani kufuata godoro. Mmoja wenu asimame kwenye njia panda akiwa na tochi, amulike gari likitokea.