Kwa Nini Wimbo Ulioacha Kuusikiliza Ndio Unaotunza Ujana Wako

Nilipokuwa na miaka 14, jioni zangu nyingi ziliishia mbele ya redio kaseti, kidole kikiwa juu ya kitufe cha kurekodi, nikiusubiri wimbo mmoja tu. Siku nilipoupata, mtangazaji alikuwa bado anazungumza. Sauti yake ikaingia kwenye kanda na kufunika sekunde za mwanzo, na kabla kibwagizo cha mwisho hakijaisha, upande wa kanda ukaisha. Nikaujua wimbo huo hivyo, umekatwa kichwa na mkia. Siku hizi naweza kuupata mzima saa yoyote, lakini kila unapoanza sikio langu bado linamsubiri yule mtangazaji amalize sentensi yake.

Kazi yangu ni saikolojia ya kumbukumbu, na sehemu kubwa ya utu uzima wangu nimeitumia kujaribu kuelewa jambo hili lililonipata kabla sijajua kwamba ipo taaluma inayolishughulikia. Wengi wanaoniuliza kwa nini nyimbo za ujana hazitutoki huja na jibu lao tayari: nyimbo za enzi zetu zilikuwa nzuri kuliko za sasa. Nawaelewa, maana moyo wangu nao husema hivyo hivyo. Ila aliyezaliwa miaka 20 baada yako atakuapia jambo lile lile kuhusu nyimbo ambazo wewe uliziona kelele. Nyimbo zinatofautiana, umri ndio unaofanana.

Mwaka 1986 mwanasaikolojia David Rubin na wenzake wawili walionyesha kwamba watu waliokwisha kuvuka umri wa makamo, wakiombwa kusimulia kumbukumbu za maisha yao, hutoa nyingi kupita kawaida kutoka kipindi cha kati ya miaka 10 na 30. Ukichora grafu yake, mstari unatuna hapo kama nundu. Kwa muziki nundu hiyo huwahi zaidi. Kelly Jakubowski na wenzake, katika utafiti uliotoka mwaka 2020, waliwauliza watu wazima 470, wa umri wa miaka 18 hadi 82, kuhusu nyimbo 111 zilizovuma kati ya 1950 na 2015. Zilizobeba kumbukumbu nyingi zaidi za maisha ni zile zilizotamba muulizwaji akiwa na umri wa miaka kama 14. Niliposoma tarakimu hiyo nilikaa kimya kwa muda, nikiifikiria ile kanda.

Kwa nini umri huo? Mambo mengi hutokea kwa mara ya kwanza, na mara ya kwanza haichanganyiki na nyingine. Hisia ni kali. Zaidi ya yote, ndipo mtu anapoanza kujijibu swali la yeye ni nani, na wimbo anaoupenda huwa sehemu ya jibu. Petr Janata wa Chuo Kikuu cha California, Davis, aliwasikilizisha wanafunzi vipande vya sekunde 30 vya nyimbo za wakati walipokuwa na miaka 8 hadi 18, huku ubongo wao ukipigwa picha. Matokeo aliyoyachapisha mwaka 2009 yalionyesha kwamba wimbo ulipoamsha kumbukumbu, sehemu ya katikati ya ubongo wa mbele, nyuma ya paji la uso, ilichangamka. Sehemu hiyo pia hufanya kazi tunapojifikiria sisi wenyewe.

Lakini nundu haielezi kwa nini wimbo mmoja wa mwaka ule unakurudisha kwenye chumba fulani, na mwingine wa mwaka ule ule haukupeleki popote ingawa unaupenda zaidi. Hapa ndipo ninapotaka kutulia kidogo. Watafiti wawili wa kumbukumbu, Watkins na Watkins, walieleza mwaka 1975 kwamba kichocheo cha kumbukumbu hupungua nguvu kadiri kinavyofungamana na mambo mengi zaidi. Wimbo mkubwa usiokufa, unaopigwa harusini, kwenye magari na kwenye matangazo ya biashara, umeshiriki matukio yako elfu moja. Ukiusikia, yote yanagonga mlango kwa pamoja na hakuna linaloingia. Wimbo uliovuma wiki sita kisha ukapotea umefungamana na wiki sita hizo tu. Wahakiki huzidharau nyimbo hizo kwa kuwa hazidumu. Mimi nazithamini kwa sababu hiyo hiyo.

Dada yangu mkubwa aliondoka nyumbani mwaka ule wa kanda. Wimbo uliokuwa ukitamba wiki ile sikuusikia tena kwa zaidi ya miaka 20, mpaka siku moja ukapigwa redioni nikiwa naendesha gari. Haukufika hata kwenye kibwagizo. Nikaliona sanduku lake mlangoni, nikamsikia akiniambia, "Mdogo wangu, kanda nakuachia, usiziharibu." Nilisimamisha gari pembeni nikalia, mtu mzima mwenye shahada za jambo hili hili.

Nilipomsimulia, akaniambia maneno yale aliyasema kweli, lakini sanduku halikuwepo, alibeba begi. Mimi sanduku naliona mpaka leo, na kufuli lake. Wimbo huleta kumbukumbu iking'aa, na mng'ao huo tunaudhania kuwa ushahidi. Kila tunapokumbuka tunajenga upya, na vipande vingine tunavichukua kwingineko.

Mara nyingi huletewa ombi na mtu ambaye mzazi wake ameanza kusahau, akitaka kujua ampigie nyimbo gani. Huwa nasema: chukua mwaka aliozaliwa, ongeza 10 hadi 20, kisha tafuta zilizovuma miaka hiyo. Usianze na zile maarufu ambazo kila mtu bado anazijua. Tafuta zilizokuja na kupita, waulize rika lake. Piga moja, nyamaza, mwangalie uso. Usimwulize, "Unaukumbuka?" kwa sauti ya mtihani. Na akihuzunika, zima, mshike mkono, maana mlango huo huenda ukafunguka kwenye msiba.

Wimbo wa dada naweza kuuweka kwenye simu na kuusikiliza kila asubuhi. Nimekataa. Baada ya mwezi ungekuwa wimbo wa kupigia mswaki. Tunausikiliza mara moja kwa mwaka, anapokuja kunitembelea, na hatuongei mpaka uishe. Kisha anaanza kudai zile kanda zake.