"Hakuna anayefanya Dar" si sababu

Jana tena. Kijana kaja kwangu Sinza, kwenye karakana ya mikoba, na daftari lake: "Dada, hili wazo Dar nzima hakuna anayelifanya!" Nikamuuliza, hakuna anayefanya, au waliofanya walifunga? Akanuna.

Jamani, Kariakoo kila mtu anamchungulia mwenzake. Kitu kisipoonekana sokoni, mara nyingi kuna aliyekijaribu kikamla mtaji. Nenda Mtaa wa Uhuru saa ambazo wauza kanga wa jumla hawana wateja, uwaulize ni mzigo gani uliwalalia stoo. Watakutajia rangi, watakutajia hata majina ya kanga yaliyokataliwa. Elimu hiyo haina ada.

Ninachotafuta mimi ni mtu ambaye tayari anatoa hela kwa kitu kisichomridhisha. Kamati za harusi, kwa mfano: kila msimu wanalipia sare, kila msimu wanalalamika. Hapo pana wazo, hata kama mafundi wamejaa.

Halafu mnaniletea mchoraji Tingatinga, eti naye alianza na kitu ambacho hakuna aliyekifanya. Haya, tumzungumze. Mwaka 1968 Edward Saidi Tingatinga alianza kuchora kwa rangi ya baiskeli juu ya vipande vya hadibodi. Mtindo ulikuwa wake, sikatai. Lakini wanunuzi hakuwabuni yeye. Wageni walikuwa tayari wananunua vinyago na picha mjini, naye akauzia Oysterbay, pale Morogoro Stores, wageni hao walikoishi na kupita. Jipya lilikuwa moja, bidhaa. Mteja alikuwa wa zamani. Wengi wenu mnataka bidhaa mpya, mteja mpya na namna mpya ya kulipa, vyote kwa mpigo, halafu kikikwama hamjui kilichokwama ni kipi. Badilisha kimoja. Ukishauza, badilisha kingine.

La kuibiwa wazo nalipita haraka: Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999 inalinda kazi iliyokwisha kufanywa, wazo hailindi. Kwa hiyo acha kulificha, tengeneza. Na usikimbilie kiwandani kuchapisha kanga yako. Viwanda vinataka oda kubwa. Nunua doti dukani, shona sampuli, kisha omba kianzio. Mioyo ya WhatsApp hainunui zipu. Anayesifia bila kutoa kianzio kakupenda wewe, mkoba hautaki.

Sasa kinachoninyima usingizi. Kipimo cha kianzio kinapendelea vilivyozoeleka, kwa sababu mteja hatoi hela kwa kitu ambacho hajawahi kukiwaza. Nina mkoba mmoja ambao haujapata kianzio hata cha soda, na bado kila nikipita ulipotundikwa naurekebisha mshono. Ukaidi au jicho? Kwa kweli sijui. Nimeutengea bajeti yake mpaka Sabasaba. Ikiisha naufumua, na ngozi yake inaingia kwenye oda za watu.